Mti Huu wa Nani? Miaka Thelathini na Sita ya Dkt. Gaudensia Mihambo

Tarehe 30 Juni, 2025, Dkt. Gaudensia Mihambo, Mhadhiri Mwandamizi katika Idara ya Usimamizi wa Wanyamapori, anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na sita. Alikikuta kikiwa chuo cha stashahada, chenye madarasa machache ya bati na Landrova moja iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa. Anakiacha kikiwa Chuo Kikuu cha Igombe, chenye shahada hadi ya uzamili, maabara, na magari kadhaa ambayo, tusidanganyane, baadhi yake bado yanawaka kwa kusukumwa.

Kamati ya sherehe iliniagiza niandike kwa ufupi na kwa furaha. Kwa ufupi nitajaribu. Furaha ipo, lakini haiko peke yake. Mwaka huu wote tumekuwa tukimwona Madam, kama wanafunzi na sisi wenzake tunavyomwita, akitembea koridoni kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Si kwamba aliogopa kustaafu. Aliogopa jambo moja tu, na alilisema waziwazi katika kila kikao: kwamba akiondoka yeye, matembezi ya mpaka wa Usinge yatakufa. Kwa ajili ya wageni wetu wa leo ambao hawajapata kusikia habari ya matembezi hayo, itabidi nianze mbali kidogo.

Madam alizaliwa Puge, wilayani Nzega, katika familia ya wakulima wa mpunga na karanga, Wakatoliki wasiokosa misa ya kwanza. Baba yake, Mzee Xavery, alikuwa amepanga moyoni kwamba binti yake atakuwa muuguzi. Habari zilipofika kuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea usimamizi wa wanyamapori, mzee aliuliza mbele ya wageni: "Fisi wa hapa Puge tu wametushinda, wewe utawasimamia wa nchi nzima?" Bibi yake hakutania. Alilia machozi, akaamini mjukuu wake anapelekwa kulala na simba, akamfungia viazi vya kukaushwa, ile michembe yetu, vya kumtosha muhula mzima, ili angalau asishikwe na njaa kabla simba hawajamfikia.

Darasani kwao walianza wanawake wawili, na baada ya mafunzo ya kwanza ya porini akabaki mmoja. Enzi hizo, anasimulia, msichana alitarajiwa abaki kambini apike huku wavulana wakifuata nyayo za nyati. Siku ya kwanza Madam alipika ugali. Siku ya pili mkufunzi mwenyewe alimwomba atoke na kundi la nyayo, na kambi ikatafuta mpishi mwingine. Hajawahi kukiri kama aliuharibu ugali ule makusudi. Sisi tuliokula chakula cha mkono wake huko porini tunaamini hakuhitaji kufanya makusudi.

Alipokuwa mwaka wa pili, baba yake akafariki. Alisafiri kwa treni, akadandia lori, akafika Puge kaburi likiwa limeshafukiwa, na baada ya siku chache akarudi chuoni kufanya mtihani. Jambo hili halizungumzii sana. Ila mwanafunzi anayefiwa katika idara yetu hajawahi kuulizwa na Madam kibali wala uthibitisho wa aina yoyote. Huambiwa aende nyumbani sasa hivi, na kwamba mtihani hauna miguu, utamsubiri.

Aliajiriwa hapa Julai 1989 akiwa mkufunzi msaidizi, na somo alilopewa lilikuwa kuhesabu wanyama. Kwa asiyejua: wanyama wa porini hawapangi foleni. Unachora mstari ulionyooka kwenye ramani, unautembea kwa miguu, na kila mnyama unayemwona kushoto au kulia unamwandika pamoja na umbali wake kutoka mstarini. Mwakani unarudi kwenye mstari uleule, uone wameongezeka au wamepungua. Kwa hiyo mstari lazima uwe na alama, na lazima unyooke. Mimi ninayefundisha takwimu naweza kuapa mbele yenu kwamba mstari uliopinda ni dhambi.

Mwaka 1994, mvua za masika zikimalizika, alipeleka darasa lake Usinge, kule Kaliua, pembeni ya msitu wa hifadhi. Stoo ya chuo haikuwa na rangi nyeupe. Ilikuwa na nyekundu, akaichukua, kwa kuwa nyekundu huonekana hata kwenye kivuli. Vijana wakapaka alama kwenye mashina ya miti, na alama iliyo rahisi kuliko zote kupaka ni X. Walipaka vizuri, kwa bidii ya watu wanaosubiri maksi. Tatizo ni kwamba mstari wao ulinyooka na mpaka wa msitu haukunyooka. Mahali fulani, bila wao kujua, walitoka hifadhini wakaingia kwenye mashamba ya watu, wakapita katikati ya miti iliyotundikwa mizinga ya nyuki, na X ya mwisho wakaiweka kwenye mninga uliokuwa ukitazamana na mlango wa mkulima na mrina asali aliyeitwa Mzee Leodgar Kapela. Hapakuwa na mtu wa kuwauliza wanafanya nini, maana ilikuwa Jumapili na kijiji kizima kilikuwa kanisani. Madam husema kosa la kwanza lilikuwa hilo, kufanya kazi Jumapili.

Hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa maana ya X nyekundu. Ukiikuta kwenye ukuta wako, unajua utahama. Wana-Usinge walirudi kutoka kanisani wakakuta X zimepita shamba hadi shamba, wakaelewa kwamba hifadhi inapanuliwa na wao wamo ndani. Wanafunzi wakawekwa kwenye ofisi ya kijiji, kwa adabu lakini bila utani, mpaka mwalimu aliyewatuma aje ajieleze. Madam alisimama mbele ya mkutano wa kijiji, akaeleza, akaomba radhi. Watu wengi walimwelewa, na wengine hata wakacheka, wakampa jina la Mama Rangi. Lakini Mzee Leodgar hakuwepo mkutanoni. Hakuwepo kijijini kabisa.

Mzee huyu alikuwa ameshahamishwa mara moja, miaka ya sabini, watu walipokusanywa kwenye vijiji. Nyumba yake ya kwanza iliezuliwa na watu wengine yeye akitazama. Alipoiona X mbele ya mlango wake, hakwenda kumuuliza mtu. Alipanda juu akaezua nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akapakia milango, vyungu na watoto kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaondoka. Karanga zake zilibaki ardhini na mizinga yake ikabaki mitini. Jirani aliyejaribu kumzuia alijibiwa maneno machache: "Safari hii hawatanikuta."

Madam aliwaagiza wanafunzi wakwangue rangi, mti kwa mti, na hapo likafanyika kosa la pili, ambalo ni watu wa misitu tu wanaoweza kulifanya wakiwa na vyeti mfukoni. Mninga ukikwanguliwa hutoa utomvu mwekundu. Kila mninga waliousafisha ulitokwa na utomvu palepale, na alama ikawa nyekundu kuliko ilivyokuwa. Ule wa kwa Mzee Leodgar aliukwangua Madam mwenyewe, kwa panga, akiwa na haraka ya mtu anayeona aibu. Kovu lake lipo hadi leo.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Chuo kilishaomba radhi, kijiji kilisharidhika, na muhula ulikuwa unakwisha. Madam anasema kilichomshinda ni zile karanga. Alizipita siku ya kuondoka, majani yameshaanza kukauka, tayari kung'olewa, na shambani hamna mtu. Akawashusha wanafunzi garini, wakazing'oa zote, wakazianika, wakaziacha kwa jirani. Kisha akaanza kumtafuta mwenyewe.

Alimtafuta kwa wiki nyingi. Alishuka kwenye stesheni za reli ya Kigoma moja baada ya nyingine, akaulizia parokiani, kwenye vilabu vya pombe na kwenye magulio, mpaka Uvinza. Aliyempa jibu ni Bi. Zamda, muuza asali katika soko la Tabora mjini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua asali ya Mzee Leodgar. Bi. Zamda alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza kama ndiye yule wa rangi. Alipojibu kuwa ndiye, akaambiwa: "Mzee yuko Lusu kwa shemeji yake, anachunga ng'ombe wa watu. Nenda mwanangu, lakini ukifika anza na shikamoo, usianze na digrii."

Lusu ni Nzega hiyohiyo ya akina Madam. Alikuwa amezunguka hadi Uvinza, kumbe mtu yuko upande wa kwao. Alimkuta malishoni, akapiga goti, akamwamkia, akasema yeye ndiye aliyepaka. Mzee aliitikia marahaba, akawageukia ng'ombe, kisha akasema maneno ambayo kila mwanafunzi aliyepita katika idara hii anayajua kwa moyo: "Binti, rangi umepaka wewe. Lakini kukimbia sikufundishwa na wewe." Sijawahi kumwona Madam akilia, hata mwaka ule tuliponyang'anywa gari katikati ya mafunzo. Mwenyewe anakiri kwamba siku ile, katikati ya ng'ombe wa watu, alilia.

Mzee hakukubali kurudi mara hiyo. Alikubali Madam alipokwenda mara ya tatu, na akatoa sharti. Alitaka vijana waliopaka waletwe, watembee naye mpaka mzima wa kijiji na msitu, na kila mti wenye mwenyewe waulize ni wa nani kabla hawajaugusa. Hakudai kingine chochote. Alirudi Usinge kiangazi kile, akakuta karanga zake kwa jirani, na vijana wakafika kama walivyoahidi.

Walitembea naye. Walipomaliza wakamjengea nyumba, wakifyatua tofali wenyewe, na Madam akiwa nao kwenye tope. Mafundi hawakuwa. Ukuta mmoja uliinama kidogo, na kijiji kikauita ukuta wa stashahada. Miaka ya baadaye, chuo kikiwa tayari chuo kikuu, darasa jingine lilimwongezea chumba. Mzee aliuzunguka ukuta mpya, akaukagua kwa makini, akatoa hukumu kwamba huu wa shahada nao umeinama, ila umeinama kwa heshima.

Tangu mwaka ule, hakuna darasa la idara hii lililogusa darubini Usinge kabla ya kutembea mpaka. Matembezi huchukua siku kadhaa. Wanafunzi hulala kwenye nyumba za watu, hula ugali wa muhogo na uyoga wa porini, na huamka na wenyeji kufukuza ngedere na nguruwe pori mashambani, kazi ambayo huwaondolea upesi mapenzi ya wanyama waliyoyapata kwenye televisheni na kuwapa mengine yaliyo ya kweli zaidi. Njiani, kila wafikapo kwenye mti wenye mzinga, kundi husimama na mwanafunzi mmoja huuliza, "Mti huu wa nani?" Mwenyeji hujibu kwa jina la mtu, na safari huendelea. Hakuna hotuba. Alama zetu za kuhesabia wanyama siku hizi ni vipande vya kitenge, vinavyofungwa kwa ruhusa na kufunguliwa siku ya kuondoka.

Rangi nyekundu ni marufuku hata kwenye kucha. Mwaka mmoja binti mmoja kutoka Dar es Salaam alishuka kwenye treni akiwa na kucha zinazong'aa kama taa za breki, na wenzake wakamshauri aweke mikono mfukoni mpaka jioni. Mzee Leodgar aliziona hata hivyo. Akamuuliza kwa upole kama aanze kuezua. Kijiji kizima kilicheka siku hiyo, na Madam alikuwa wa mwisho kuanza kucheka.

Nisije nikamfanya aonekane mtu wa tukio moja. Alisoma uzamili, kisha uzamivu, na utafiti wake juu ya palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ndio uliotuonyesha kwamba mnyama huyo hutumia kingo za mashamba kuliko tulivyokuwa tukidhani. Aliongoza idara kwa vipindi viwili. Darasa lililoanza na wanawake wachache wa kuhesabika leo limejaa mabinti, na hakuna hata mmoja anayebakizwa kambini kupika kwa sababu ya ubinti wake. Wahitimu wake wametapakaa kwenye mapori na ofisi za wilaya nchi nzima. Revocatus Shija, ambaye sasa ni ofisa wanyamapori wa wilaya, alimpigia simu siku moja kutoka mahali ambapo wafugaji na askari wa pori walikuwa wameshikiana mikuki na bunduki kwa sababu ya mpaka, akaomba ushauri. Madam alimuuliza kama wameshautembea pamoja. Walikuwa hawajautembea. Waliutembea, na Revocatus anasema hakuna aliyeumia.

Kila mwaka, katika mhadhara wake wa kwanza kwa wanafunzi wapya, Madam huingia darasani, huchora X kubwa ubaoni kwa chaki nyekundu, na kusimulia habari yote niliyoisimulia hapa bila kujipunguzia hata neno. Mwanafunzi aliyekuja akitarajia kuanza na tembo hushangaa kidogo. Nimekaa nyuma ya darasa lile mara nyingi kuliko kazi yangu inavyonilazimu, na kila mara akifika kwenye karanga, kalamu huacha kuandika.

Mimi mwenyewe nilikwenda kwenye matembezi mara ya kwanza kwa shingo upande. Ni mtoto wa mjini, wa Ng'ambo hapa Tabora, na mbung'o wa Usinge wakiniona huitana. Nilimweleza Madam kwamba kitakwimu matembezi yale hayana mchango wowote, hayaongezi usahihi wa hesabu hata chembe. Akakubali kwamba ni kweli. Kisha akaniuliza kama kwetu Ng'ambo mtu huingia uani kwa watu bila kupiga hodi. Takwimu nikaziacha mezani, nikapanda treni.

Matatizo yalikuja tulipokuwa chuo kikuu kamili. Mtaala wa shahada unataka kila kitu kiwe na saa zake, alama zake na namna yake ya kupimwa, na matembezi ya mpaka hayana mtihani. Madam aliyapeleka kwenye kamati ili yaingizwe kwenye mtaala, yakarudishwa. Akayapeleka tena, yakarudi na swali lilelile: mwanafunzi anajifunza nini kinachopimika? Siwalaumu sana wanakamati, nami ni mtu wa kupima. Lakini sote tuliona kwamba matembezi yanasimama kwa miguu ya mtu mmoja, na miguu hiyo inastaafu Juni. Pendekezo lilikuwa limeshaandaliwa la kuwapeleka wanafunzi Usinge kwa siku mbili tu, na kamera za kutega na ndege ndogo isiyo na rubani, wapige picha na kurudi. Ni vifaa vizuri, na Madam mwenyewe ndiye aliyeviombea. Kilichomuuma ni kwamba ndege hupita juu ya paa la mtu na mwenye nyumba hajui ni ya nani.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, mvua za kwanza ziliponyesha, Mzee Leodgar akafariki. Madam alikwenda Usinge kumzika. Safari hii alifika kaburi likiwa bado wazi, akatupia udongo kwa mkono wake. Aliporudi aliitaja kamati mara chache tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kusema kweli tulidhani amekata tamaa, na nadhani alikuwa amekata.

Mwezi Mei mwaka huu akaenda na darasa lake la mwisho, na nilikuwepo. Tulipofika, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hilari, alitupokea kwenye ofisi ileile walikowekwa wale vijana wa zamani. Baada ya salamu na chai alitoa taarifa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetangaza siku ya chanjo ya ng'ombe, kwamba mkutano mkuu wa kijiji umekaa na kuazimia. Kuanzia sasa hakuna darasa litakalopita kwenye ardhi ya kijiji kwenda msituni kabla halijatembea mpaka na wenyeji. Lenye kamera litatembea, lenye ndege litatembea, na njia nyingine ya kuingia upande ule wa msitu haipo. Madam alimwomba arudie. Akarudia. Jambo lililoishinda kamati yetu kwa miaka, watu wa Usinge walikuwa wamelipitisha kwa kunyoosha mikono, bila kumuuliza mtu linapimwaje.

Kesho yake tukaanza kutembea. Aliyeongoza ni Yustina, binti wa marehemu, aliyekuwa mtoto mdogo juu ya mkokoteni ule wa mwaka 1994, na ambaye sasa ndiye mwenye mizinga ya baba yake. Ni mama wa maneno machache na hatua ndefu. Madam alikaa mwisho wa msafara kwa sababu ya goti lake, na kwa mara ya kwanza hakuongoza chochote. Wanafunzi waliuliza wenyewe, na Yustina akajibu bila kugeuka: huu wa Hilari, huu wa Mama Eustadia, huu wa parokia.

Mwishoni tukafika kwenye mninga wenye kovu, mbele ya ile nyumba yenye kuta mbili zilizoinama. Kwa miaka yote jibu la mti huu lilikuwa moja, na sisi wakongwe tulishaanza kulisema mioyoni. Juu yake, kwenye tawi la upande wa jua, kulikuwa na mzinga mpya wa gome ambao hatukuwahi kuuona. Mwanafunzi mmoja, Najiat, akauliza kama alivyofundishwa: "Mti huu wa nani?"

Yustina alisimama, akageuka, akamtazama Madam aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akichechemea. Akajibu: "Wa Gaudensia."

Akaongeza tu kwamba baba yake aliagiza hivyo kabla ya kufa, na kwamba nyuki bado hawajaingia lakini wataingia. Madam aliweka kiganja juu ya kovu, akakiacha hapo. Hakuna aliyepiga picha. Tulisimama tukamsubiri.

Madam, kwa niaba ya idara, ya wanafunzi wako wa zamani na wa sasa, na ya wote uliowavumilia, mimi nikiwa wa kwanza, pokea shukrani zetu. Tunakuombea goti lipone, mpunga wa Puge ustawi, na wajukuu wasikuletee kucha nyekundu. Asali ya kwanza ya mzinga wako tunaitegemea hapa ofisini, na tunaahidi kuila bila kukukumbusha ugali. Kuhusu Usinge, pumzika. Kiangazi kijacho nitawapeleka mimi, mbung'o wangu wakinisubiri stesheni. Litakuwa darasa geni, la vijana ambao hawajawahi kukuona. Watafika mbele ya mninga ule, watasimama, watauliza ni wa nani, na watatajiwa jina lako.

Rashidi Twalibu
Mhadhiri wa Takwimu, Idara ya Usimamizi wa Wanyamapori